Masizi Kwenye Mshale

Tk.

Kimya kidogo, kisha tena: tk-tk-tk, kama ukucha unaopita juu ya meno ya kitana.

Bibi Sikuzani alifumbua macho, akabaki ametulia chini ya chandarua. Nje kulikuwa bado giza. Jogoo wa jirani alikuwa hajawika, na muadhini hajawasha kile kipaza sauti chake kinachokohoa kabla yeye hajakohoa. Panya, Bibi alisema moyoni. Panya ameingia humu ndani, na asipokula unga wangu atakula kanga yangu ya Idi.

"Toka," alinong'ona.

Sauti ikakatika. Kitanda cha upande wa pili, alikolala mjukuu wake Yusrah, kililia mara moja kikatulia. Zikabaki pumzi za mtoto tu, zinaingia na kutoka, na kila zikitoka zinaacha kamluzi kembamba, kama birika linalofikiria kuchemka. Chini ya kitanda cha Bibi mwenyewe, mtu wa tatu alijigeuza kwenye karai bovu, akalalamika kwa sauti ya chini, akalala tena.

Mtu huyo wa tatu alikuwa kuku, na hakutakiwa kuwamo humo.

Jina lake Diwani. Alipewa jina hilo na Mathias, fundi baiskeli wa jirani, kwa sababu hapo Ulaya hapakuwa na nyumba asiyoipitia, na akiipitia lazima ale, na akishakula haonekani tena hadi msimu mwingine. Ulaya yenyewe ni hii ya Kilosa, ya mahindi na mpunga na siku za gulio, ambayo mtu hufika kwa baiskeli bila kuulizwa pasipoti. Bibi Sikuzani alizaliwa hapo, akaolewa hapo, akamzika mumewe hapo, na sasa alikuwa anadanganya hapo, jambo ambalo halikuwa desturi yake.

Uongo wenyewe ulianza vizuri tu, kama mambo mengi. Shule zilipofungwa mwezi wa sita, binti yake Shamimu alikuja na Yusrah kutoka Mikumi, kule barabara kuu, anakopika chapati na supu kwa ajili ya madereva wa malori. Yusrah alikuwa na miaka minane na pumu ya tangu anatambaa. Likizo mbili nzima alikuwa ameomba kwenda kwa Bibi, na likizo mbili nzima mama yake alikuwa amekataa. Sasa alikubali, lakini alikuja na sheria, na sheria zilikuja na kifaa.

Kifaa kiliitwa kipima pumzi. Kilikuwa bomba jeupe la plastiki lenye mdomo upande mmoja na mshale mdogo mwekundu ubavuni. Mtoto anasimama wima, anavuta hewa hadi mabega yapande, kisha anapuliza kwa mkupuo mmoja, na mshale unakimbia. Unapofika ndipo unapobaki, mpaka mtu aurudishe chini kwa kidole. Muuguzi wa hospitali alikuwa amebandika utepe wa rangi tatu pembeni, kwa mkono wake, ili hata asiyetaka kusumbuka na tarakimu aelewe. Bibi Sikuzani alizijua tarakimu, lakini aliona wema ule akausema: "Huyo muuguzi ana mama yake mahali, na anamkumbuka."

"Kijani, acheze," Shamimu alieleza, amekaa mkekani kama mwalimu. "Njano, mpe pampu ya bluu kupitia chupa hii iliyotobolewa kitako, kaa naye, muangalie. Nyekundu, mpe pampu na uende naye hospitali hapo hapo, chai ibaki mezani. Pampu ya kahawia ni kila asubuhi na jioni, awe mzima asiwe mzima."

"Nimekuelewa, Mama Yusrah."

"Mto wa sufi utoke."

Ukatoka.

"Kuni usipikie ndani. Na udi wa Alhamisi upumzike."

"Udi nao una kosa gani?"

"Una moshi, Mama. Halafu kuku. Kuku wasilale ndani. Daktari amesema vumbi la manyoya na mavi yao linamfunga kifua huyu kuliko kitu chochote."

"Kuku walale chumbani kwangu?" Bibi alisema, ameshika kifua. "Kwani mimi nimekuwa banda?"

Siku ile alikuwa anasema kweli tupu.

"Basi. Kila asubuhi nitapiga simu, uniambie rangi. Nikisikia njano nakuja kumchukua, na hatakanyaga tena huku mpaka awe mtu mzima anayejilipia nauli."

Bibi Sikuzani alimtazama Yusrah aliyekuwa ameegemea goti lake, miguu yote vumbi, anajifanya hasikii. Alikuwa amemngoja mtoto huyu muda mrefu. Aliapa kwamba njano haitaonekana.

Wiki iliyofuata kicheche aliingia uani akawamaliza kuku wote isipokuwa Diwani, ambaye bila shaka alikuwa kwenye ziara. Na Diwani, kama wanavyofanya wanasiasa, alichagua wakati ule ule wa msiba kuanza shughuli yake mwenyewe: akatamia mayai. Bibi angefanya nini? Alichukua karai bovu, akalitandika majani, akalisukuma chini ya kitanda chake, akashusha shuka hadi sakafuni. Vifaranga wakitotolewa tu, anatoka. Mtoto asijue, na asichokijua hawezi kukisema kwenye simu.

Hivyo ndivyo alivyofika alfajiri hii, na yule panya wake.

Kulipopambazuka alisali, akawasha moto nje, akabandika uji. Yusrah alitoka na kipima pumzi mkononi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Umelalaje?" Alimwita hivyo kama bibi yeyote anavyomtania mjukuu wa kike, maana babu ni mume wa wote wawili, hata akiwa kaburini.

"Nimelala vizuri kuliko wewe. Unakoroma, ndio maana mume wetu alikukimbia."

"Hakunikimbia, alikufa."

"Ndiyo, alikimbia mbali kabisa."

Bibi alicheka mpaka mwiko ukadondoka. "Haya, nipulizie nione."

"Nimeshapuliza kitandani. Tazama, kijani."

"Kwa nini hupulizi mbele yangu?"

"Ukinitazama unakunja uso, mimi nacheka, na nikicheka hewa inatokea pembeni."

Hilo lilikuwa kweli. Bibi alikuwa hawezi kumtazama mtoto anayejaza mashavu bila kujaza yake. Akatazama mshale. Kijani, katikati kabisa, kama jana, kama juzi. Aliurudisha chini kwa kidole chake, kazi aliyojipa mwenyewe tangu siku ya kwanza, akakitundika kifaa kwenye msumari. Simu ikalia.

"Rangi, Mama?"

"Kijani."

"Alhamdulillahi. Unaona? Hata huku ilikuwa kijani kila siku. Ukifuata masharti, pumu inakuheshimu." Na akakata, maana chapati ilikuwa inaungua.

Lakini Bibi Sikuzani alikuwa amelea watoto sita, na masikio yake hayakuhitaji utepe. Usiku ule kamluzi kalikuwapo. Asubuhi, Yusrah alipotoka kisimani kwa kina Bi Joha, jirani wa upande wa pili wa ua, na kidumu kidogo, alisimama njiani mara mbili akijifanya anatazama ndege. Kifaa kilisema kijani. Kifua kilisema kingine.

Huenda kifaa ni kibovu, aliwaza. Mtoto alipokwenda kucheza, alikitwaa, akakipangusa mdomo, akavuta hewa na kupuliza. Mshale ulisogea kidogo kwa adabu. Meno ya mbele hayakuwapo, na hewa nyingi ilipita njia ya mkato. Akamwita Mathias aliyekuwa anapita anasukuma baiskeli.

"Puliza hapa, baba."

"Nini hiki, Bibi? Serikali imeanza kupima walevi nyumba kwa nyumba?"

"Puliza tu."

Mathias alipuliza. Mshale uliruka, ukapita nyekundu, ukapita njano, ukapita kijani yote, ukaenda kugonga mwisho. Mathias alikitazama kifaa, akanyoosha mgongo, akaomba kurudia ili mkewe aje aone.

Kwa hiyo kifaa kilikuwa kizima. Bibi alikikosha kwa sabuni kama alivyofundishwa, akakaa kwenye kigoda akakiangalia. Mshale huu, akipuliza mtu, unaruka mara moja, fyu. Hausemi tk-tk-tk. Aliuweka ukucha wake juu ya mshale akausukuma taratibu kupanda.

Tk-tk-tk.

"Ahaa," Bibi Sikuzani alisema. "Panya wangu huyo."

Mtu mwingine angemwita mtoto hapo hapo akamtandika maswali. Bibi hakuwa mtu wa haraka, na pia ilikuwa ni utani wao kwamba anayenaswa anaswe vizuri. Jioni, Yusrah alipokwisha vuta pampu ya kahawia na kulala, Bibi alipitisha kidole chini ya sufuria ya wali, akaupaka mshale mwekundu masizi kidogo tu, upande wa ukucha, akakitundika kifaa kwenye msumari wake.

Alfajiri ikasema tk-tk-tk. Bibi alijifunika shuka mdomoni, akatetemeka kwa kicheko hadi Diwani akalalamika chini.

"Shikamoo, Bibi. Nimeshapuliza. Kijani."

"Marahaba." Bibi alimtazama. Kidole gumba kilikuwa cheusi. Pua ilikuwa na mstari mweusi toka juu hadi chini, na shavu lilikuwa na alama mbili za kujikuna. "Hongera. Nenda kamsalimie Bi Joha, umuombe chumvi."

Yusrah alikwenda. Bi Joha alikuwa anafagia uwanja wake, na kabla ya kufagia alikuwa amenyunyiza maji. Alianza kufanya hivyo bila kuombwa, siku ile aliyosikia kuna mtoto wa pumu upande wa pili wa ua. Bibi alikuwa ameuona wema ule, lakini alikuwa bado hajajua namna ya kuushukuru bila kumtia mwenziwe haya. Kutoka pale alipokaa alimsikia Bi Joha akiitikia salamu, kisha kicheko cha mtu anayetafuta ukuta wa kuegemea.

"Mwanangu, unakwenda harusini? Nani amekupaka wanja puani?"

Yusrah alirudi bila chumvi. Alisimama mbele ya Bibi, akatazama kidole chake, akatazama kipima pumzi, akatazama sufuria iliyofunikwa kifudifudi.

"Bibi, wewe ni mtu mbaya," alisema kwa heshima.

"Kaa hapa. Kwa nini unausukuma?"

Mtoto alikaa. Alipangusa pua, ikazidi kuwa nyeusi. "Ukiwa njano mama atakuja kunichukua."

"Na ukiwa njano na tukasema kijani, pumzi zikakubana katikati ya shamba la mpunga, nitakubeba kwa mgongo upi? Huu?"

Yusrah aliutazama mgongo wa Bibi, akaona kweli hautoshi. "Na pia," alisema polepole, "mama akija atamuona Diwani."

Bibi Sikuzani alikohoa, ingawa hakuwa na kikohozi. "Diwani yupi?"

"Yule wa chini ya kitanda. Nilimjua tangu siku ya kwanza. Nimemhesabia na mayai. Mimi nilikuwa nakufichia wewe, Bibi."

Basi wakakaa hapo wawili, wezi waliokutana dirishani, kila mmoja ameshika mguu wa mwenziwe. Bibi alihisi machozi na kicheko vinagombania mlango mmoja. Mtoto huyu alikuwa amelala usiku kucha juu ya vumbi la manyoya, anapiga mluzi, na asubuhi anasukuma mshale ili bibi yake asigombezwe.

"Puliza," alisema. "Nitafumba macho."

Yusrah alisimama, akavuta hewa hadi mabega yakapanda, akapuliza, akarudia tena na tena kama alivyofundishwa. Bibi alifumbua macho. Hata kwa ule mpulizo wa nguvu kuliko yote, mshale ulikuwa umeishia ndani ya njano, na haukuwa jirani wa kijani.

Utani ukaondoka uani. Bibi alichukua ile chupa ya maji iliyotobolewa kitako, akachomeka pampu ya bluu, akamkalisha mtoto katikati ya magoti yake. Puu, vuta taratibu. Puu, vuta. Hakusema mengi. Alimshika mabega na kuyasikiliza kwa viganja hadi yakashuka, na kamluzi kakaenda kakipotea. Alipopuliza tena, mshale ulikuwa umepanda, lakini bado njano.

Simu ikalia.

"Rangi, Mama?"

Yusrah alikuwa anamtazama na pua yake nyeusi. Neno moja tu lingetosha. Lilikuwa limetosha siku zote hizi.

"Njano," Bibi alisema. "Nimempa pampu ya bluu, amepata nafuu, amekaa hapa ananitazama. Na zile kijani za nyuma, mwanangu, usiziamini. Ukija nitakueleza."

Upande wa pili palikuwa na mlio wa lori linaloondoka, halafu Shamimu akasema, "Nakuja."

Kuhusu kuku Bibi hakusema kitu. Alihisi kwamba kosa moja kwa simu moja linatosha. Lakini alitaka Shamimu akute nyumba safi, kwa hiyo alimwita Mathias, na Mathias akalivuta karai, akalibeba na Diwani juu yake kama anabeba mgeni wa heshima, hadi jikoni kwa Bi Joha. Kumhamisha kuku anayetamia mchana kweupe ni kazi ya kujidanganya. Kila mtu pale alijua kwamba huhamishwa jioni, giza likiingia, asione njia. Lakini jioni ilikuwa mbali na Mikumi ilikuwa karibu.

Shamimu alifika na Noah ya kwanza ya abiria, bado ana unga kwenye viwiko. Hakubisha hodi. Alimkagua mtoto kifua, mgongo, kope, akatulia kidogo. Ndipo akauona weusi puani.

"Hii nini?"

"Masizi," Bibi alisema. "Keti nikueleze."

Akamweleza habari ya panya na ukucha na sufuria. Shamimu alikunja uso, ukakunjuka wenyewe, akaukunja tena kwa nguvu. "Lakini kwa nini iwe njano, Mama? Masharti yote umefuata. Mto ulitoka?"

"Ulitoka."

"Udi?"

"Tangu uondoke."

"Kuku hawalali humu?"

Bibi Sikuzani alifungua mdomo ili aseme ukweli. Mungu ni shahidi kwamba alifungua. Lakini kabla neno halijatoka, Diwani alitokea mlangoni, amevimba manyoya, ana hasira ya mtu aliyefukuzwa kwenye kiti chake. Alipita katikati yao bila salamu, akakanyaga mguu wa Shamimu, akainua shuka kwa kichwa, akaingia chini ya kitanda.

Kutoka chini ya kitanda ilisikika sauti ya kuku anayelitafuta karai.

"Huyo," Bibi alisema, "ndiye niliyekuwa nataka kukueleza."

"Mama."

"Kicheche aliwamaliza wenzake."

"Mama, uliapa."

"Niliapa. Na nimevunja, na mtoto ameumia. Sina la kujitetea, Shamimu. Ukimchukua una haki."

Shamimu alisimama, akaanza kukusanya nguo za mtoto kutoka kwenye kamba ya ndani, anazikunja vibaya. "Kwangu hakuna kuku. Kwangu kila siku alikuwa kijani. Kila siku. Anakuja huku, siku chache tu, njano. Nilijua. Nilikuwa najua."

"Mama," Yusrah alisema.

"Vaa viatu."

"Mama, hata Mikumi nilikuwa nausukuma."

Nguo zilibaki mikononi mwa Shamimu.

"Ulisema nikiwa njano siendi kwa Bibi," mtoto aliendelea, anaviambia vidole vya miguu yake. "Jiko la chapati liko mlangoni, moshi wote unaingia tunakolala. Na malori yanaunguruma usiku. Nikawa nasukuma."

Shamimu alikaa kitandani. Alikaa kwa kishindo, na chini yake Diwani akatoa malalamiko rasmi. Mkono mmoja ulikuwa mdomoni. Bibi Sikuzani alikuwa na maneno mengi matamu ya kusema wakati ule, na mtu yeyote hapo Ulaya angeyasema. Badala yake alimimina uji kwenye kikombe, akauweka mkononi mwa binti yake, akakaa karibu naye.

"Umeamka mapema sana leo," alimwambia. "Kunywa."

Alipofika nusu ya kikombe, Shamimu alisema, "Kwa hiyo hakuna anayejua mtoto huyu ana rangi gani."

"Tunajua ya leo," Bibi alisema. "Tuanzie hapo."

Shamimu hakuondoka siku ile wala iliyofuata. Walitoa vitanda nje, wakadeki sakafu kwa maji na sabuni, wakaanika mablanketi juani hadi yakanuka jua. Giza lilipoingia, Diwani alihamishwa kwa utaratibu unaotakiwa, kimya kimya na kichwa kimefunikwa kanga, hadi kwenye banda la waya ambalo Mathias alikuwa amelipigilia uani kwa Bi Joha. Bi Joha alisema mgeni huyo amekwisha kula sana kwake, sasa apange kabisa. Yusrah alipuliza asubuhi na jioni mbele ya wanawake wawili waliokatazwa kucheka, wamegeukia ukuta kama wanafunzi watoro. Mshale ulipanda kidogo kidogo, kwa miguu yake wenyewe, na asubuhi moja ukaingia kijani na kubaki.

"Abaki mpaka shule zifunguliwe," Shamimu alisema akifunga kitambaa chake kichwani. "Lakini utamleta mwenyewe, Mama. Na utakagua kwangu kama nilivyokagua kwako."

Shule zilipokaribia kufunguliwa, Bibi Sikuzani alipanda Noah pamoja na mjukuu, boga kubwa mapajani, akaenda Mikumi kukagua. Hakubisha hodi. Jiko la chapati halikuwa mlangoni. Lilikuwa mwisho wa ua, upande ambao upepo unachukua moshi kuelekea barabarani, chini ya kibati kipya. Alipitisha kidole juu ya dirisha, akakitazama, akaguna. Alipiga mto ngumi, akanusa. Shamimu alimfuata nyuma nyuma amefunga mikono, anajifanya hajali.

"Na malori?"

"Subiri uone."

Jioni dereva mmoja mrefu, Lusekelo, anayepeleka viazi kutoka Mbeya, aliegesha lori lake mbali kabisa, ng'ambo ya barabara, akazima injini, akaja kwa miguu ameshika chupa yake ya chai. Madereva wawili nyuma yake walifanya vivyo hivyo.

"Nani aliwaambia?" Bibi aliuliza.

"Nilimwambia huyo mmoja tu," Shamimu alisema. "Wengine amewaambia yeye."

Bibi Sikuzani alimwita Lusekelo, akapokea shikamoo yake, akamkatia boga nusu nzima akalifunga kwenye gazeti. Dereva alishangaa, akauliza amefanya nini. "Umetembea," Bibi alimjibu.

Alikaa Mikumi siku kadhaa. Yusrah alipuliza kila asubuhi mbele ya mama yake, na rangi ilikuwa kijani, isipokuwa siku moja ya upepo mbaya ilipogusa njano, ikatibiwa kama njano, ikapita. Hakuna aliyelia na hakuna aliyefungasha nguo. Hata hivyo, jioni ya mwisho, wengine wakiwa nje, Bibi alijikuta yuko peke yake na kipima pumzi na sufuria ya wali. Alijiambia kwamba ni ukaguzi tu.

Asubuhi aliamka kwa sauti ya madereva wanaocheka. Alifunga kanga akatoka. Shamimu alikuwa anagawa chapati, na kwenye kidevu chake kulikuwa na alama nyeusi, na nyingine shavuni, na ya tatu, iliyokamilika kabisa, juu ya pua.

"Mama Yusrah," Lusekelo alikuwa anasema, "leo kuna harusi na hujatualika?"

Shamimu alimwona mama yake mlangoni. Alitazama kidole gumba chake. Akaelewa.

"Nilikuwa naurudisha chini, Mama. Jana jioni aliuacha juu, nikaurudisha chini ili apulize."

"Ndivyo wanavyosema wote," Bibi alijibu.

"Wallahi, naurudisha chini."

"Mimi sijakukatalia."

Yusrah alitoka anafikicha macho. Aliutazama uso wa mama yake, akautazama wa Bibi, akakaa chini pale pale kwa kicheko, hata ikabidi wamsubiri atulie ndipo apulize. Alipuliza mbele ya mama, bibi na madereva watatu waliogeuka kutazama barabara kwa adabu. Mshale uliruka, fyu, ukatua kwenye kijani.

Noah ya Kilosa ilipopiga honi, Shamimu alimbebea mama yake mfuko hadi mlangoni mwa gari, akampangia siti ya dirishani, akamwekea chapati za moto magotini. Masizi yalikuwa bado puani, hakujali tena. Yusrah alipanda kwenye kizingiti cha gari, akamnong'oneza Bibi jambo sikioni, na Bibi akaitikia kwa kichwa bila kutabasamu, kama watu wanaopanga kuvunja benki.

"Amekwambia nini?" Shamimu aliuliza.

"Ya wake wenza hayo."

Gari lilianza kusogea. Shamimu alitembea pembeni yake hatua chache, ameshika ukingo wa dirisha.

"Mama," alisema, "uje tena. Uje mwezi wa tisa, uje bila kubisha hodi. Lakini masizi yako uyaache Ulaya."